Baka la Mtoto: Si Kila Moja ni la Kisu

Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza jambo walilokutana nalo bila kulitafuta. Mtoto mwenye uvimbe mwekundu wa mishipa ya damu usoni alipewa propranololi kwa tatizo la moyo. Kesho yake ule uvimbe ukaanza kulainika na kufifia.

Dawa hiyo, iliyozoeleka kwa wagonjwa wa presha, sasa ndiyo chaguo la kwanza kwa uvimbe huo, unaoitwa hemanjioma. Mtoto huitumia kwa miezi sita hivi au zaidi, na hupewa akiwa ameshiba, kwani inaweza kushusha sukari mwilini. Uvimbe ulio karibu na jicho, pua au mdomo usisubiri: miezi ya mwanzo ndipo hukua kwa kasi. Mdogo ulio mgongoni huachwa tu, nao hunywea wenyewe kwa miaka. Vivyo hivyo mabaka ya bluu matakoni mwa watoto wetu. Hayo hayahitaji hata dawa.

Baka bapa jekundu kama divai ni habari nyingine. Haliondoki, na ukubwani huweza kuwa nene. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kuwa chanzo chake ni hitilafu ya jeni inayotokea mimba ikiwa tayari imetungwa. Basi mama asilaumiwe kwa alichokula wala alichotamani. Likifunika paji la uso na kope, mtoto apimwe macho, na degedege lichunguzwe.

Tiba yake ni leza, ambayo mwanga wake huunguza vijishipa vya damu. Ugumu ni kwamba rangi ya ngozi nyeusi hunyonya mwanga huohuo, hivyo mtaalamu asiye makini huacha kidonda au doa jeupe. Mwulize kama atajaribu kwanza sehemu ndogo. Vipindi huwa vingi, na baka hufifia zaidi kuliko kufutika. Baada ya kila kipindi ngozi huvilia damu kwa wiki moja au mbili: isikunwe, ikingwe na jua.

Baka jeusi lenye vinywele huweza kukatwa, na likiwa kubwa hukatwa kwa awamu. Kovu litabaki, na katika familia yenye makovu yanayovimba, daktari aambiwe mapema.

Krimu za kung'arisha ngozi za dukani hazitibu lolote kati ya haya, na nyingine zina zebaki. Usimpake mtoto.