Mbele ya kusema "kadi ya grafiki imekufa": namna ya kufuata tatizo la draiva mpaka mwisho

Wandugu wahitimu na wanafunzi, kuna neno moja linasikilika sana hapa Uvira, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, kila mara mtu anapopeleka mashini kwa fundi sababu ekrani imeharibika: "Kadi ya grafiki imekufa, tafuta ingine." Mara zingine ni kweli. Lakini kuna mara nyingi kadi ingali nzima kabisa, kinachokosa ni draiva tu, ile Windows ya Kifaransa inaita pilote. Na tofauti ya hayo mawili si ndogo. Kadi mpya ni dola zako, draiva ni mega zako na masaa mawili ya uvumilivu. Kwa mwanafunzi anayengoja kumaliza plani zake katika AutoCAD, au ramani za memwari katika QGIS, au kijana anayepata chakula kwa montaji ya video za ndoa, tofauti hiyo inaweza kuwa mwezi mzima wa kazi.

Kwa hiyo tufuate tatizo kwa mpangilio. Usiruke hatua, sababu kila moja inajibu swali la ile inayofuata.

Draiva inafanya kazi gani?

Fikiria mzee wa Lemera anayesema Kifuliiru tu, anakutana na mgeni anayejua Kifaransa tu. Bila mkalimani watapeana ishara za mikono. Watasalimiana, ndiyo, lakini hawataweza kupatana bei ya ng'ombe. Windows na kadi ya grafiki ni vilevile. Draiva ni mkalimani. Akikosekana, Windows inaweka ishara zake za mikono, draiva ndogo inayoitwa Microsoft Basic Display Adapter. Picha inaonekana, lakini maandishi ni makubwa kupita kiasi, ekrani inabaki kwenye 1024 kwa 768 hivi, video inakatakata, na programu nzito inakataa kufunguka. Ukiona hivyo, usilie. Kadi haijasema imekufa, imesema haina mkalimani.

1. Kwanza angalia kwa macho

Mashini ya mezani ikiwa na kadi ya kuchomeka, kabuli ya ekrani inapaswa kuingia kwenye kadi yenyewe, si kwenye tundu la kadi-mama. Ukichomeka kwenye kadi-mama, unatumia grafiki ya Intel au AMD iliyo ndani ya prosesa, na utasema kadi haifanyi kazi wakati haijaguswa hata.

Kisha angalia umeme. Tundu la kadi kwenye kadi-mama linatoa mpaka wati 75. Kadi inayohitaji zaidi ina tundu lake la pini 6, linaloongeza wati 75, au la pini 8, linaloongeza 150. Likibaki tupu, au alimentasyo ikiwa dhaifu, draiva inaweza kuingia vizuri, halafu ekrani inazima mara tu kazi inapokuwa nzito. Vumbi pia toa. Chomoa kadi, safisha meno yake pole pole kwa kitambaa kikavu, rudisha mpaka isikike imeingia.

Kuna kipimo kimoja cha haraka. Washa mashini na uingie katika BIOS, mbele Windows haijaanza. Pale draiva ya Windows haijaingia bado. Ukiona mistari ya rangi, vidoti au picha iliyopasuka hata pale, tatizo ni kadi, kabuli au ekrani. Badilisha kabuli na ekrani kwanza. Lakini kama BIOS ni safi, na fujo inaanza tu wakati Windows inafunguka, shuku draiva.

2. Jua kadi uliyo nayo kweli

Hapa njo wengi wanapotelea. Mashini zetu nyingi zinafika zimekwisha kutumika, zingine kupitia Bujumbura, zingine Goma au Dubai, na jina lililobandikwa kwenye sanduku halina maana kubwa. Fungua Gestionnaire de périphériques: bonyeza funguo ya Windows pamoja na X, itaonekana katika orodha. Nenda kwenye Cartes graphiques, bonyeza kulia, fungua Propriétés, kisha Détails, na uchague mstari wa namba za utambulisho wa kifaa. Utaona kitu kama PCI\VEN_ na herufi nne. VEN_10DE ni NVIDIA, VEN_1002 ni AMD, VEN_8086 ni Intel. Herufi nne baada ya DEV_ zinataja kadi yenyewe. Ziandike. Hata bila draiva, namba hizo zinasomeka.

Kwa nini usiamini jina tu? Sababu kuna kadi za uongo sokoni, hapa na duniani kote. Mtu anachukua kadi ya zamani kama GeForce GTS 450 ya mwaka 2010, anabadilisha programu iliyo ndani yake ili ijiite GTX 1050 Ti, anaiuza kwa bei ya mpya. Ukileta draiva ya 1050 Ti, inakataa au mashini inaanguka, na wewe unazunguka wiki nzima ukitafuta "draiva nzuri". Haipo. Programu ndogo ya bure inayoitwa GPU-Z, tangu toleo 2.12 la mwaka 2018, inaweza kutambua nyingi za hizo na kuandika FAKE mbele ya jina. Ni mega chache tu. Iweke ku flash na uende nayo siku ya kununua, mbele ya kutoa feza.

3. Umri wa kadi na umri wa Windows vipatane

Draiva mpya kuliko zote si lazima iwe yako. Makampuni yanaacha kadi za zamani nyuma. NVIDIA iliacha familia ya Fermi, yaani GeForce 400 na 500, mwaka 2018. Draiva yake kubwa ya mwisho ni 391.35. Familia ya Kepler, yaani nyingi za GeForce 600 na 700, zinaishia kwenye mfululizo wa 470. Mwaka 2021 AMD nayo ilisimamisha nyingi za Radeon HD 7000, R9 200 na R9 300. Kwa hiyo mwenye kadi hizo asitafute "ya leo", atafute ya mwisho iliyotengenezwa kwa ajili yake. Iko bure kwenye saiti ya kampuni yenyewe.

Angalia pia Windows ni biti 32 ao 64. NVIDIA na AMD waliacha kutoa draiva za biti 32 tangu 2018. Na Windows 7 pamoja na 8.1, NVIDIA iliziacha kwa draiva za kawaida mwezi wa 10, 2021. Mwenye Windows 7 ya biti 32 na kadi ya mwaka 2020 hana njia: abadilishe Windows kwanza, draiva baadaye.

Laptopu ni jambo lake. Anza kwa saiti ya HP, Dell, Lenovo au aliyeitengeneza, kwa namba ya mashini iliyo chini yake. Kama ina grafiki mbili, Intel na NVIDIA, weka ya Intel kwanza.

4. Linda mega zako

Pakiti ya draiva ya NVIDIA leo inapita mega 600. Kwetu hiyo ni feza, na mtandao unaweza kukatika kwenye 90 kwa mia. Faili iliyokatika inaweza kuonekana nzima kwa jina, kumbe haijatimia. Linganisha ukubwa wake na ule ulioandikwa kwenye saiti. Kisha bonyeza kulia juu ya faili, Propriétés, Signatures numériques: kama sahihi ya kampuni haiko, au Windows inasema si halali, futa. Faili ya namna hiyo imekatika ao imechezewa.

Saiti ikikataa kufunguka kabisa, tazama tarehe ya mashini. Betri ndogo ya kadi-mama, CR2032, ikiisha, mashini inarudi miaka nyuma kila umeme ukikatika, na saiti salama zinakataa mashini yenye tarehe ya uongo. Betri hiyo ni ya bei ndogo sana. Na zile programu zinazoahidi "draiva zote kwa bonyezo moja", ziache. Nyingi zinaleta matangazo, zingine virusi.

5. Safisha mbele ya kuweka

Draiva ya zamani iliyobaki nusu ni sababu kubwa ya mpya kukataa. Kwetu inatokea kirahisi: umeme unaondoka katikati ya kazi. Kwa mashini ya mezani, ngoja saa ambazo umeme unatulia, ao tumia ondilera. Laptopu, jaza betri kwanza.

Kisha fanya hivi. Kata intaneti, sababu Windows ikiwa na mtandao inaweza kuleta draiva yake mwenyewe wakati wewe unaweka yako. Ingia katika hali salama: shikilia Shift wakati unabonyeza kuwasha upya, fuata orodha. Tumia Display Driver Uninstaller, programu ya bure, ifute mabaki yote. Washa kawaida, weka draiva uliyoichagua, washa tena. Baada ya hapo rudisha intaneti.

6. Soma namba ya kosa

Bado kuna alama ya njano? Fungua Propriétés, soma kodi. Kodi 28: draiva haijawekwa kabisa. Kodi 52: Windows haijakubali sahihi ya draiva, rudi hatua ya 4. Kodi 43: kadi yenyewe imeripoti tatizo na Windows imeisimamisha. Hiyo ya 43 inaogopesha, lakini inaweza kutoka kwa draiva mbaya, kwa kadi ya uongo, kwa umeme mdogo, ao kwa kadi iliyoungua kweli. Kama umepita hatua zote tano kwa uaminifu, chomeka kadi katika mashini ya rafiki, uweke draiva yake sawasawa. Ikitoa 43 hata pale, sasa fundi ana haki: kadi imekufa. Ikifanya kazi, tatizo liko kwa alimentasyo yako, kadi-mama ao Windows yako.

Pendekezo kwa sisi wote: kila mwenye kupakua draiva nzima aitunze ku flash, aandike jina la kadi, toleo na Windows yake. Mega 600 zilizolipwa mara moja pale Mulongwe zinaweza kuokoa mashini kumi za Kasenga na Kimanga. Na siku fundi atakuambia "imekufa", muulize kwa heshima maswali mawili: "Kaka, umeona kodi gani? Na umejaribu mu mashini ingine?" Fundi mzuri atafurahi kukujibu.