Fedha ya Prado iende kwenye mpira, si kwenye rimu

Tulisikia mluzi kwanza, kisha gari likaanza kuvuta kushoto. Ilikuwa saa nane mchana, tumeshaiacha Mto wa Mbu nyuma yetu tukielekea Engaruka, kwenye ile njia ya mawe meusi ya volkano yenye ncha kama shoka. Niliposhuka nikakuta tairi la nyuma limechanika ubavuni, mpasuko wa kutosha kupitisha vidole vinne. Tairi lilikuwa karibu jipya, kashata zake bado zimesimama. Lakini lilikuwa tairi la lami, na ubavu uliochanika hauna dawa kwa fundi pancha yeyote.

Tukafungua spea. Ilikuja na gari kutoka Japani na hakuna aliyewahi kuigusa. Nilipofuta vumbi nikasoma tarakimu nne ubavuni na kugundua kwamba ilikuwa na umri wa miaka 11. Tulirudi Mto wa Mbu kwa mwendo wa baiskeli, kila mmoja wetu akiisikiliza spea ile.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia amenunua Prado, Surf au Hilux iliyotumika na anataka kuiandaa kwa njia mbaya, namwuliza kwanza atafanya nini na rimu. Wengi wanataka kuziuza ili wafunge za inchi 20. Naelewa, gari linapendeza. Ila kwa mwenye fedha ya kuhesabu, hapo ndipo fedha inapopotelea.

Chukua tairi la 265/65R17, ambalo Prado na Hilux nyingi hulivaa. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Piga hesabu utapata ubavu wa milimita 172. Ukifunga rimu ya 20 na kutaka gurudumu libaki na kimo kilekile, utahitaji 265/50R20, na ubavu utashuka hadi milimita 132. Milimita 40 za mpira zimeondoka, nazo ndizo zinazobonyea gari likikanyaga jiwe, kabla jiwe halijafika kwenye rimu.

Kwa hiyo rimu zako za zamani zibaki. Kama gari limekuja na za 18, unaweza hata kutafuta za 17 zilizotumika, kwa kuwa 265/60R18 na 265/65R17 hazipishani kimo kwa zaidi ya milimita 2. Izungushe rimu kwa mkono kwenye gari lako kabla hujalipa, uone kama haigusi breki.

Usidanganywe na idadi ya matundu. Prado, Hilux na Pajero zote zina nati sita, na duara la nati hizo lina kipenyo kimoja, milimita 139.7. Lakini habu ya Toyota hizo inahitaji tundu la katikati la milimita 106, wakati Pajero za miaka ya karibuni zina tundu la 67. Muuzaji atakwambia kuna fundi wa kukereza. Ondoka. Na ukinunua rimu za chuma kuweka badala ya aloi za kiwandani, nunua na nati zake. Nati za aloi za Toyota zina shingo ndefu na washa bapa. Za rimu ya chuma zina mdomo uliochongoka ili zikae kwenye tundu lake. Ukizichanganya, gurudumu litalegea njiani. Mimi napenda rimu ya chuma kwa safari za mbali. Ikipinda, fundi wa kijijini ataigonga irudi. Aloi ikipata ufa, safari imeishia hapo.

Sasa mpira wenyewe. Ubavuni utakuta herufi: H/T ni la lami, M/T ni la tope, A/T liko katikati. Vijana wengi wanakimbilia M/T kwa sababu ya meno yake makubwa. Meno hayo yanasaidia kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, lakini kwenye lami yanaunguruma, yanalika haraka, na mvua ikinyesha breki zinachelewa kushika. Kama siku sita za juma gari lako liko mjini, chukua A/T, uliza lenye ubavu wa plai nyingi, na baki kwenye saizi ya kiwandani.

Mtumba? Nimepita sana kwenye maduka ya Ilala na Gerezani na sitasema usinunue. Nasema soma. Karibu na herufi DOT kuna tarakimu nne: 3519 maana yake tairi limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Likunje kwa mikono uone kama linatoa nyufa katikati ya kashata, kwa kuwa rangi nyeusi ya dukani huficha mengi. Chungulia ndani kama lina kiraka karibu na ubavu. Kisha angalia mifereji: kama imeshuka chini ya vile vifundo vidogo vya kuonyesha tairi limekwisha, limechongwa upya kwa kisu cha moto, na kilichobaki chini yake ni nyuzi.

Mwenye Prado asinunue mawili mawili. Gari hilo linasukuma magurudumu manne muda wote, na matairi yasiyolingana kimo yanaitesa difu ya katikati. Subiri upate manne. Mwenye Hilux anaweza kuanza na mawili, ayafunge nyuma, mradi asiweke 4x4 kwenye lami kavu.

Chenji inayobaki nunua kipimo cha upepo na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye umeme wa gari. Kwenye mchanga, kushusha upepo kutoka PSI 35 hadi 20 kunarefusha alama ya tairi ardhini na gari linapita palipokuwa pamekwamisha. Ukirudi lami, jaza kwanza ndipo ukanyage mafuta.

Na kabla hujaondoka wikiendi hii, lala chini ya gari, futa vumbi kwenye spea, usome zile tarakimu nne.