Badili neno kwenye mistari unayotaka tu, usiharibu faili zima

Mtengeneza tovuti anaambiwa bei ya soda imepanda kutoka 1500 hadi 1800. Anafungua faili, anatafuta 1500, anabonyeza "badilisha zote". Kazi imeisha? Hapana. Mkate nao ulikuwa 1500, na sasa umepanda bila mwenye duka kujua. Hata oda namba 21500 imegeuka 21800.

Tatizo ni kwamba programu nyingi za kuandikia msimbo hutafuta kwenye faili zima, mpaka uziwekee mipaka. Kuweka mipaka hiyo ni rahisi.

Kwenye VS Code

Tuseme bei za soda ziko mstari wa 40 hadi 60. Chagua mistari hiyo kwa mausi, kisha bonyeza Ctrl+H. Kisanduku cha kutafuta kikifunguka, bonyeza Alt+L (kwa Windows). Hapo programu itatafuta ndani ya eneo ulilochagua tu. Ongeza Alt+W ili itafute neno kamili, yaani 1500 peke yake na si ile iliyo ndani ya 21500.

Kwenye Vim

Vim, iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar, inapendwa sana na wanaosimamia seva, ambako mara nyingi hakuna mausi. Humo unataja namba za mistari. Bonyeza Esc, kisha andika:

:40,60s/\<1500\>/1800/gc

Yaani: kuanzia mstari wa 40 hadi 60, badilisha 1500 iwe 1800. Alama \< na \> zinazuia isiguse 21500. Herufi g inagusa kila inapotokea kwenye mstari, na c inakuuliza kwanza kabla ya kubadilisha. Jibu y kukubali, n kukataa.

Kama unataka kutafuta tu bila kubadilisha chochote, andika:

/1500\%>39l\%<61l

Maana yake ni mistari iliyo baada ya 39 na kabla ya 61. Angalia vizuri: inayofuata baada ya 39 na 61 ni herufi l ndogo, si namba moja.

Hujui namba za mistari? Andika :set number, zitajitokeza pembeni.

Ukikosea je?

Usifunge faili. Kwenye VS Code bonyeza Ctrl+Z, kwenye Vim bonyeza Esc kisha u, mabadiliko yatarudi nyuma.

Ila kumbuka, kosa la aina hii halipigi kelele. Tovuti inaendelea kufunguka kama kawaida, na mara nyingi wa kwanza kugundua ni mteja aliyelipa zaidi. Kwa hiyo tafuta kwanza, hesabu umepata ngapi, ndipo ubadilishe.