Mzungu wa Le Hangar na wachoraji wa Katanga

Bela hakutumia brashi. Alichovya vidole kwenye rangi, akagusa karatasi tone kwa tone mpaka mti, mwindaji au samaki akajitokeza. Alitoka Chad, kwa Wasara, na alikuwa mtumishi wa Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, mchoraji aliyefungua karakana ya sanaa mwaka 1946 huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo, katika eneo la Katanga. Karakana hiyo ikajulikana kama Le Hangar.

Romain-Desfossés alikuwa mtu mzima aliyeanza maisha upya katika mji wa shaba wa Kongo ya Wabelgiji. Picha zake mwenyewe wachache wanazikumbuka. Jina lake limebaki kwa sababu ya vijana aliowakusanya, na kwa uamuzi mmoja: hakuwapa michoro ya Ulaya wainakili. Aliwapa karatasi na rangi, akawaachia macho yao wenyewe. Ndiyo maana huwezi kuwachanganya wanafunzi wake wawili, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Pilipili alitandaza samaki, ndege na nyoka juu ya mandhari iliyojaa vitone na mistari myembamba, hata pasibaki nafasi tupu. Mwenze alijenga watu na wanyama kwa vistari vifupi vilivyolaliana, kwa rangi chache za udongo. Mwalimu mmoja, na ukimhesabu Bela, mikono mitatu tofauti kabisa. Ni walimu wangapi wa sanaa wanaweza kujivunia hilo?

Lakini uhuru huo ulikuwa na uzio. Mzee huyo aliwaona wanafunzi wake kama watoto, akaamini kwamba Uafrika halisi umo porini na katika hadithi za mababu. Nje ya Le Hangar kulikuwa na migodi ya kampuni ya Union Minière, kodi na ubaguzi. Hayo huyaoni katika zile picha nzuri za ndege na swala.

Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954. Yaliyokosekana katika picha za Le Hangar yalichorwa baadaye: katika miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa mitaani wa Katanga, alichora viboko vya Wabelgiji, migodi na kifo cha Lumumba, kisha akamsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia yote hiyo kwa Kiswahili. Hakuomba ruhusa ya karakana yoyote.

Kwangu mimi, Romain-Desfossés anastahili shukrani kwa kutowafundisha vijana wale kuwa Wazungu. Lakini sifa ya picha zile ni ya Bela, Pilipili na Mwenze, na majina yao yanapaswa kutangulia la kwake.