Kitundu Kinachopima DNA

Usikimbie ukiona neno DNA. Jambo hili linamhusu mkulima wa mihogo kule Busia, na hata sisi wa mahindi hapa Uasin Gishu.

Hebu fikiria bomba la maji la shambani. Maji yanatiririka vizuri, mara gunzi la mahindi linaingia ndani. Wewe uliye huku mwisho hulioni, lakini unajua limeingia manake maji yamepungua. Gunzi likiwa nene, maji hupungua zaidi. Basi siri yenyewe ndiyo hiyo.

Wanasayansi hutumia kitundu kilicho ndani ya utando. Badala ya maji, kuna ayoni za chumvi zinazosukumwa na umeme. Mwaka 1996 akina Kasianowicz, Brandin, Branton na Deamer wa Marekani walitumia protini ya bakteria ambayo tundu lake, mahali pembamba kabisa, lina upana wa nanomita 1.4 hivi. Nanomita ni milimita moja igawanywe mara milioni! DNA ina chaji hasi, kwa hivyo umeme huivuta ikapenya kama uzi kwenye sindano. Ikiwa ndani, mkondo wa umeme hupungua. Lakini hapo hupita uzi mmoja tu, si mbili zilizoshikana.

Sasa sikiza. Mwaka 1991 huko Copenhagen, Denmark, Peter Nielsen na wenzake walitangaza PNA, yaani DNA ya kuigiza. Herufi zake ni zile zile, A, C, G na T, lakini mgongo wake si wa sukari na fosfeti. Unafanana na wa protini, tena hauna chaji. Nyuzi mbili za DNA zote zina chaji hasi, kwa hivyo husukumana hata zikiwa zimeshikana, kama mashemeji wasiopatana. PNA haina ugomvi huo. Ikipata herufi zinazolingana nayo, huishika DNA kwa nguvu zaidi, na vimeng'enya vinavyokatakata DNA haviiwezi.

Utajuaje kama imeshika? Ndipo kitundu kinapoingia kazini. Kikiwa chembamba, DNA iliyoshikwa na PNA hukwama mlangoni mpaka umeme uzitenganishe. Pima muda wa kukwama, utajua zilishikana kiasi gani. Kikiwa kipana, kilichotobolewa kwenye kitu kigumu, DNA hupita na mzigo wake, na pale penye PNA umeme hushuka tena. Ndilo lile gunzi nene! Mwaka 2010 kikundi cha Amit Meller huko Boston kilifanya hivyo, kikatambua PNA ilipokaa. Tena walipima molekuli moja moja, si rundo. Mimi hapo ndipo niliposhangaa zaidi.

Huku kwetu, vitundu vya aina hii vimefika ndani ya MinION, kifaa kidogo cha kushika mkononi kinachochomekwa kwenye kompyuta. Chenyewe husoma herufi bila PNA. Kilifi, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust walikitumia kusoma virusi vya korona kuanzia 2020. Kabla ya hapo, wanasayansi wa Kenya, Uganda na Tanzania walikitumia kutafuta virusi vya mihogo, na hata wakafanyia kazi hiyo shambani chini ya mti, majibu yakapatikana siku hiyo hiyo. Awali sampuli zilipelekwa ng'ambo, na mkulima akangoja miezi.

Mahindi nayo yalipatwa na ugonjwa wa virusi uliotokea Bomet mwaka 2011, majani yakakauka kabla ya wakati. Mjomba wangu wa Moiben akiona jani la manjano hana la kufanya ila kukisia: ni mbolea imepungua, au ni ule ugonjwa? Akikosea, atapanda mahindi tena pale pale mwaka ujao.

PNA bado iko maabarani zaidi. Lakini kutengeneza kipande kinacholingana na virusi kimoja tu, halafu ukangoja umeme ushuke mara ya pili, mimi naona ni njia fupi kuliko kusoma herufi zote. Kikwazo ni dawa za kutayarishia sampuli, ambazo nyingine zinataka friji, na Moiben kuna nyumba ambazo stima haijafika.