Je, Wajua? Pushapu Zinaweza Kuangusha Figo

Je, wajua kwamba mchakamchaka wa jua kali unaweza kumlaza hospitalini kuruta mwenye afya tele? Msuli ukifanyishwa kazi kupita kiasi, seli zake hupasuka na kumwaga protini iitwayo mayoglobini kwenye damu. Figo huzidiwa na kuzibwa nayo. Mkojo huwa mweusi kama kola, na hapo hakuna cha kujikaza tena: ni daktari, upesi.

Nani wa kuangaliwa zaidi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia askari weusi karibu 48,000 wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Waliobeba kinasaba cha selimundu bila kuugua hawakufa zaidi kuliko wenzao, ila hatari yao ya kuvunjika misuli namna hii ilizidi kwa asilimia 54. Kinasaba hicho huonekana kwa kipimo cha damu.

Lakini kabla hatujawatupia lawama wazazi na urithi wao: katika utafiti huohuo, tumbaku nayo ilipandisha hatari kwa asilimia 54 ileile, na baadhi ya dawa za kupunguza kolesteroli ziliipandisha zaidi.