Unachochoma na kutupa uani kinavyomrudia mtoto wako

Ukipita jioni katika mitaa ya Mbagala, Buza, Tandale au Bunju, utakutana na moshi wa aina mbili. Upo wa majiko ya mkaa yanayowashwa kwa ajili ya chakula cha usiku, na upo wa taka zinazochomwa nyuma ya nyumba. Tumeuzoea kiasi kwamba hatuuhesabu tena kuwa tatizo. Lakini mtoto aliyebebwa mgongoni na mama anayepepea jiko anauvuta wote.

Tukisikia neno mazingira, wengi wetu hufikiria misitu, mito na mikutano ya viongozi. Kwa mzazi, mazingira ya kwanza ni ua wa nyumba yake. Unapikia nini, taka zako zinaishia wapi na maji unayahifadhi vipi, hayo matatu yanaamua mtoto ataugua mara ngapi kwa mwaka.

Moshi wa jiko

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Chanzo kikubwa ni kuni, mkaa na mafuta ya taa.

Mtoto huumia zaidi kwa sababu njia zake za hewa ni nyembamba na anapumua haraka kuliko wewe. Chembe ndogo za moshi huingia hadi ndani ya mapafu na kudhoofisha kinga yake. Mtoto anayeishi katika moshi huo ana hatari karibu mara mbili ya kupata nimonia. Kwa mjamzito, moshi huo huongeza uwezekano wa kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo.

Wapo wanaosema mkaa ukishakolea hauna moshi, hivyo hauna madhara. Si kweli. Mkaa uliokolea hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo inayoua familia zilizolala na jiko ndani usiku wa mvua au baridi. Jiko likiwa na kaa hata moja jekundu, lisiingie chumbani.

Kuna tabia nyingine iliyoenea, ya kuwashia mkaa kwa mfuko wa plastiki au kipande cha ndoo iliyovunjika. Plastiki ikiungua hutoa kemikali za sumu, na baadhi yake zinahusishwa na saratani. Anayeinamia jiko na kupuliza ndiye anayezivuta kwanza. Tumia vijiti vikavu, karatasi au makumbi ya nazi, na uwashie nje.

Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Kama una mtungi wa gesi, usiuweke kwa ajili ya chai tu. Kama una umeme, sufuria ya umeme ya presha huivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Linganisha na bei ya makopo ya mkaa unayomaliza kwa chungu kimoja cha maharage, utaona tofauti.

Si kila nyumba inaweza kuacha mkaa leo. Kama bado unautumia, fanya haya:

• Pikia nje au penye upenyo wa hewa. Katika nyumba za wapangaji, msipange majiko kwenye korido, kwa sababu moshi huingia vyumba vyote.

• Tumia jiko banifu. Linakula mkaa kidogo, na kila gunia lisilonunuliwa ni miti iliyobaki porini.

• Loweka maharage na makande tangu usiku, na funika sufuria unapopika.

• Mtoto mchanga abaki na mtu mwingine mbali na jiko. Asibebwe mgongoni wakati wa kupika.

Taka za nyumbani

Gari la taka lisipofika kwa wiki mbili, kiberiti huonekana kuwa suluhisho. Lakini rundo linalochomwa lina chupa, mifuko, nguo kuukuu na pampasi. Moshi wake huingia kwako na kwa jirani mwenye pumu, na majivu hubaki pale watoto wanapochezea.

Kutupa kwenye mfereji nako ni kuhamisha tatizo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni mosi, 2019, lakini chupa na vifungashio bado vinaziba mitaro. Masika ikifika, maji hukosa njia, vyoo hufurika na maji machafu huingia visimani na majumbani. Hapo ndipo kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara hupata nafasi.

Tenganisha taka katika mafungu matatu. Maganda na mabaki ya chakula yatie kwenye kiroba au ndoo iliyotobolewa chini, changanya na udongo na majani makavu, na baada ya miezi michache utapata mboji ya kupandia mchicha au matembele. Chupa na makopo yakusanye kwenye mfuko wake, kwani wapo wanaoyanunua kwa kilo mitaani. Kinachobaki ni kidogo, na kinaweza kusubiri gari bila kunuka.

Kwa pampasi, mwaga kinyesi chooni kwanza, ikunje, ifunge na uiweke na taka za gari. Kinyesi cha mtoto kina vimelea kama cha mtu mzima. Ukiweza, tumia nepi za kitambaa mchana unapokuwa nyumbani.

Gari likichelewa mara kwa mara, wapangaji na majirani nendeni pamoja ofisi ya serikali ya mtaa. Kwenda wengi kunasikilizwa kuliko malalamiko ya mtu mmoja.

Maji ya ndoo na pipa

Maji yanapotoka kwa mgawo, kila nyumba huweka akiba. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hupenda maji safi yaliyotulia, iwe kwenye pipa, tairi, kifuu au kopo lililotupwa. Huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Dar es Salaam ilipata mlipuko mkubwa wa dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Funika mapipa na matangi kwa mfuniko unaobana. Mara moja kwa wiki mwaga maji yaliyobaki chini na usugue kuta za ndani kwa brashi, kwa sababu mayai ya mbu huyu hugandia hapo na huweza kukaa makavu kwa miezi. Vifuu, makopo na matairi yasikae uani yakisubiri mvua.

Mwahishe mtoto kituo cha afya

Usisubiri kesho ukiona moja ya dalili hizi:

• Anapumua haraka akiwa ametulia. Hesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Ni nyingi mno zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi 11, na 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano.

• Sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi.

• Anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au amepata degedege.

• Ana homa pamoja na maumivu makali ya tumbo, au anatokwa damu puani au kwenye fizi.

Homa ikianza, apimwe malaria. Kabla hujajua ni homa gani, usimpe aspirini, diclofenac wala ibuprofen, kwani zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu kama ni dengi. Paracetamol ya kipimo cha umri na uzito wake inatosha wakati unampeleka hospitali.

Huhitaji kuyafanya yote kwa siku moja. Wiki hii hamishia jiko nje na ufunike pipa. Wiki ijayo tafuta kiroba cha maganda. Na kama mtoto wako anakohoa mara kwa mara, ukifika kliniki mweleze mhudumu unapikia nini na unapikia wapi, kwa sababu jibu hilo litamsaidia katika matibabu.